Hatua Mia za Mwisho

Mwalimu wetu wa kurusha ndege zisizo na injini ana mikono isiyotulia akiwa ardhini: mara afunge vifungo, mara avifungue, mara akune kidevu. Akishaketi kiti cha nyuma, huilaza mapajani kama paka wawili. Wakati wa kushuka huimba chini kwa chini, wimbo uleule, na mwanafunzi akikosea hafoki, huongeza sauti tu. "Usivute pua ya ndege juu, mwanangu. Ukiilazimisha ifike, itaanguka. Muulize mwenzako mwenye magongo."

Jumamosi mwalimu aliruka peke yake, mkewe na mama mkwe wamekuja kumtazama wamevaa vizuri. Upepo ukamgeukia, akajikuta chini mno, na kiwanja kile pale, ng'ambo ya ua wa miti. Sote tuliomba kimoyomoyo avute kidogo tu. Yeye akashusha pua, akatua kwenye shamba la viazi la jirani. Tulimkuta anafuta matope kwenye kioo, anaimba.

"Baba, si zilibaki hatua mia tu?" mama mkwe akamuuliza, amejishika kiuno.

"Hizo mia, mama, nitazimaliza kwa miguu."