Siku Tisa za Mtori

Utumbo wa ng'ombe nimeuosha tangu sijaota matiti, na mavi yake nimeyakamua kwa vidole bila kukunja uso. Sikujua kama kuna kinyesi kitakachonishinda. Kikanishinda cha mwanangu.

Binti yangu, mama wa wajukuu zangu watatu, alikuwa anapandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kihambani, kwenye shamba letu la migomba, utelezi mtupu. Akaanguka, mzigo ukamfuata mgongoni. Hospitali wakamfunga vyuma, wakaturudishia mtu ambaye kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu.

Nikasema mtu wa kulala kitandani mimi namjua. Kwetu mwanamke akijifungua analishwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, siagi juu, mpaka mashavu yang'ae. Wazazi wote wa ukoo huu nimewalisha mimi. Basi naye nikamlisha kama mzazi, bakuli asubuhi, mchana na jioni.

"Umeshiba?"

"Sijui, Mama."

"Mtu mzima hajui kama ameshiba? Kula."

Akala. Siku zikapita hajapata choo, na mimi kwa majivuno yangu nikawaambia majirani kwamba chakula changu hakipotei bure, chote kinakaa mwilini.

Siku ya tisa tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Jasho likamtiririka usoni, miguu ikiwa mikavu na ya baridi. Akasema kichwa kinapasuka, kisha akatapika. Mtori wangu ulirudi unanuka kama zizi ambalo halijafagiliwa mwezi, ukaniingia kwenye vidole na kwenye kitenge cha kanisani. Mpaka leo siuweki mdomoni.

Tukamrudisha hospitali, wakamhangaikia siku mbili. Siku ya kutoka, muuguzi akaniita pembeni.

"Bibi, tumbo na kichwa vinapelekeana habari kwa kupitia uti wa mgongo. Wake umekatika. Tumbo likijaa, kichwa hakijui. Mwili unapandisha presha tu, na presha hiyo inaua. Inabidi asaidiwe kutoa, kila siku, saa ileile."

"Asaidiwe na nani?"

Akanipa glavu.

Mara ya kwanza nyumbani nilipaka mafuta, nikaingiza kidole, nikageukia ukutani. Kilichotoka kilikuwa kigumu kama kokoto za mfereji, na harufu yake ilinikaa kooni. Nikatapika kwenye ndoo ileile.

"Mama, umegeuza uso," akasema binti yangu.

"Kunanuka."

"Nilipokuwa mchanga si ulinisafisha?"

"Ulikuwa unanyonya. Sasa umekula ng'ombe na pembe zake."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika, na kingine kikatoka. Nikamwambia acheke kila siku, atanipunguzia kazi.

Wenzangu wa kanisani wananiambia mama haoni kinyaa kwa mwanawe. Waje wavae glavu. Mimi kinyaa ninacho, kila asubuhi baada ya chai naingia nacho chumbani, na natoka nacho. Lakini sijaruka hata siku moja.

Na kulisha sijaacha, ila kwa kipimo. Akifika nusu ya sahani anaweka kijiko chini, ananitazama.

"Mama, nimeshiba?"

Naweka kiganja juu ya tumbo lake, nabonyeza taratibu, nasikiliza.

"Bado vijiko viwili," namwambia. Anakula viwili.