Abiria Aliyeikimbia Mbayuwayu

Shamsia wa Nyamisangura hakuwahi kurusha hata tiara, lakini mji mzima wa Tarime ulimwita Mama Ndege. Alikuwa wakala wa Mbayuwayu, shirika kongwe la ndege ndogo zilizoruka kutoka Musoma kwenda Mwanza na Dar es Salaam, na tiketi alizikatia katika duka lilelile alilouzia kanga na vitenge. Miaka ile dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imepamba moto. Mtu aliyeamka hana viatu aliweza kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, jioni akiuliza ndege ya Dar inaondoka saa ngapi. Wote walipitia kwa Shamsia, naye aliwafundisha kufunga mkanda kwa kutumia mtandio wake mwenyewe, bila kuwacheka, au basi kidogo tu.

Kisha likaja lile gazeti. Ndege moja ya Mbayuwayu ilikuwa imepasuka tairi ikitua. Hakuna aliyeumia, lakini picha iliionyesha imeinamia majani kama ng'ombe aliyegoma kuamka, na picha ikishafika kijiweni, nani tena asome maneno ya chini? Hata hivyo watu walikuwa bado wanabishana. Wengine walisema tairi ni tairi, hata la baiskeli hupasuka. Ndipo Magige akaja kumaliza kazi.

Magige wa Nyamwaga alikuwa mnunuzi wa dhahabu, pande la mtu, asiyejulikana kuogopa kitu. Siku hiyo pale Musoma alipanda ngazi za ndege, akaingiza kichwa mlangoni, akageuka na kushuka mbio hadi kofia ikamdondoka. Wasindikizaji wote walimwona. Walipomuuliza kulikoni, alijibu tu, "Siwezi kupanda ile," akaokota kofia, akaondoka. Ndege ikaruka bila yeye, ikafika salama, lakini hilo halikumvutia mtu. Kabla Magige hajafika nyumbani, Tarime ilishajua kwamba kaona moshi. Habari zilipofika Sirari mpakani, moshi ulikuwa umeshakuwa moto, na rubani alikuwa analia.

Wateja wakakatika. Waliopita mbele ya duka waligeuzia uso upande wa pili, utadhani Shamsia ndiye aliyelitoboa tairi. Shirika nalo likamletea ujumbe: viti vya Tarime vikiendelea kukaa vitupu, uwakala wake utafungwa. Alikuwa mjane, na kanga peke yake zisingelisha nyumba. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba watu hawa aliwahi kuwaapia, mmoja mmoja, kuwa Mbayuwayu ni ndege ya kuaminika. Sasa walimwona mwongo.

Akafunga safari hadi Nyamwaga, akamkuta Magige kwenye migomba yake.

"Baba Nice, niambie ukweli. Uliona nini mle ndani?"

"Mama Hamim, niulize lingine lolote."

"Injini ilikuwa na kasoro?"

"Mimi nimetaja injini?"

"Basi watangazie watu kwamba si injini!"

Magige aliikagua migomba kana kwamba si yake. "Wataniuliza ni nini, sasa. Na halisemeki, mama. Nisamehe." Shamsia alirudi mjini amefura, njia nzima akimtukana kimoyomoyo, machozi yakimlengalenga.

Siku ya soko akaingia dukani bibi mmoja wa kijiji cha Kisaka, aitwaye Bhoke, mwenye jicho linalomsumbua. Shamsia alimkumbuka, aliwahi kumkatia tiketi ya ndege ileile aliyoikimbia Magige.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikatie tena ile ya Mbayuwayu. Daktari wa Dar anataka kuliangalia jicho mara nyingine."

Wanawake waliokuwa wakichagua vitenge wakageuka kumtazama. Waitara, fundi cherehani wa barazani, akainua kichwa. "Bibi, huogopi moshi?"

"Moshi gani?"

"Alioukimbia Magige."

Bibi akaegemeza fimbo yake ukutani. "Magige kamwoa binti yangu wa kwanza. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nimevua kilemba, nimenyoosha miguu. Akaingiza kichwa, tukagongana macho! Mlitaka akae wapi, mapajani kwangu?"

Duka zima likaangua kicheko, maana kila Mkurya aliyekuwemo alielewa papo hapo. Mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani hadi mwenzake apite. Ndani ya ndege hakuna vichaka. Na kumkuta mkwe kichwa wazi ni aibu ambayo mwanamume hawezi kuisimulia kwa mtu. Aliyeweza kuitamka ni bibi mwenyewe.

"Nilijua tu," akasema Waitara, ambaye hakujua lolote. "Mvua zilipokata barabara, ni Mbayuwayu waliotuletea maiti ya baba kutoka Dar. Watu wa namna hiyo utawakataa kwa ajili ya tairi?" Mama mmoja akadakia kwamba mwanawe alisafirishwa nao akiwa hoi, akarudi anatembea. Kumbe hawakuwahi kuacha kuiamini Mbayuwayu. Walikuwa wanaogopa tu kuonekana wajinga. Shamsia akaketi juu ya majora ya vitenge, akasema alhamdulillahi, akalia mbele za watu bila haya.

Wakati huohuo Magige akatokea ng'ambo ya barabara. Safari yake ya Dar ilikuwa bado inamngoja, na maneno ya Shamsia yalikuwa yamemkaa moyoni. Akavuka nusu, akamwona mkwewe dukani, akarudi alikotoka na kuligeuzia duka mgongo. Kuingia hawezi, kuondoka hataki. Akapaza sauti, soko zima likasikia:

"Mama Hamim! Nikatie Mbayuwayu! Siku yoyote ambayo abiria wote ni watu baki!"

Bibi Bhoke naye alikuwa ameshageukia ukuta. "Mpe Jumatatu," alisema taratibu. "Mimi nitakwenda Alhamisi."

Shamsia alikwenda mlangoni kumjibu, na kabla hajamaliza kuitaja Jumatatu, Waitara alishainuka kwenye cherehani yake akitaka akatiwe kiti cha pili katika ndege hiyo.