Mwaka Walipomtaka Baba Afungue Mvua

Jirani yangu hapa Bel-Air anajenga ukuta, na kila asubuhi fundi wake huyamwagia matofali maji kabla ya kuyapanga. Harufu yake inaingia kwa dirisha la jiko bila hodi. Ni harufu ya udongo uliokaa juani muda mrefu halafu ukanyweshwa ghafla, ina chumvi kidogo, moshi kidogo, na kitu kingine ambacho sijapata kukipa jina. Najua wengi wanaipenda. Mimi inaninyanyua kitini. Naacha sufuria motoni, natoka uani, naangalia juu kama kuna wingu, narudi, natoka tena. Mume wangu akiniuliza natafuta nini, namjibu sitafuti kitu. Ameshazoea. Alioa mwanamke mwenye kiherehere na alijua tangu mwanzo.

Ninyi nitawaambia kinachonitoa nje.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma tulipohama Katuba, tulikokuwa tunapanga chumba kimoja, tukaenda Annexe. Baba alikuwa amepata kiwanja huko, parsele kama tunavyosema, mwisho kabisa wa barabara, mahali ambapo wachoma mkaa walikuwa wametangulia kupita na kumaliza miti yote. Palikuwa na udongo mwekundu, kichuguu kikubwa katikati, na jua. Hayo tu. Tulifunga turubai juu ya nguzo, tukatandika mikeka, na mama akasema hapo ni nyumbani, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kumeza dawa.

Baba alipokiangalia kile kichuguu aliona nyumba. Mama aliona bustani. Wote wawili walikuwa na haki, maana udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali yasiyopasuka, na ndio huohuo unaolisha mboga katika ardhi yetu isiyo na rutuba. Basi wakaanza kukila kutoka pande mbili. Baba alichimba upande wa machweo, akakanyaga tope kwa miguu, akalijaza kwenye fremu ya mbao na kuyaanika matofali chini, yamejipanga kama watoto wa shule. Mama alichimba upande mwingine, akabeba udongo kwa beseni hadi kwenye matuta yake. Alipanda lengalenga, matembele, na nyanya ambazo alizipenda kuliko zote.

Ninyi mnaonunua mboga sokoni hamjui mboga inavyoweza kumtesa mtu. Kwetu mvua inaondoka mwezi wa tano, na tangu hapo mbingu zinafungwa. Miezi ya baridi bado ilivumilika. Lakini mwezi wa kumi ulipofika, jua lilishuka hadi karibu na kichwa. Udongo ulifanya ganda gumu, hata ukiumwagia maji yalikimbia pembeni badala ya kuingia. Mama alilipasua ganda hilo kwa kijiti, shina moja baada ya jingine, amechuchumaa, jasho likidondoka kwenye ncha ya pua. Aliyafunika matuta kwa nyasi ili yasiungue, nyasi zikaleta mchwa. Akaziondoa, upepo ukaleta vumbi, majani yakawa mekundu na kujikunja kama sigara. Kuku wa jirani nao walikuja kuchakura palepale palipokuwa na unyevu. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza, na nilikuwa fundi wa kazi hiyo kwa sababu sikuweza kukaa mahali pamoja. Joto lile lilinitambaa mwilini kama siafu.

Tatizo kubwa lilikuwa kisima. Baba alikuwa amekichimba mwenyewe, na kufikia wakati ule kilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ulichota kidogo, ukangoja. Na maji hayo kidogo yalitakiwa na watu wawili, mmoja anakanyaga tope, mwingine ana nyanya zinazokaribia kutoa maua.

Hawakugombana kwa sauti. Ila nilijua wanavyoombea. Asubuhi mama alinishika mkono, tukafumba macho mbele ya matuta, naye akamwomba Mungu alete mvua, hata ya dakika chache. Niliitikia amina. Alasiri, mawingu yalipojikusanya upande wa mjini, baba aliniita nipande naye juu ya matofali aliyokwisha kuyapanga kama tanuri. Yalikuwa bado mabichi. Kuni za kuyachomea zilikuwa hazijafika, maana ziliagizwa mbali, na mwenye baiskeli za kuzileta alikuwa mtu wa ahadi tupu. Mvua kubwa ikinyesha juu ya matofali mabichi, yanarudi kuwa tope. Baba alivua kofia, akayapungia mawingu.

"Pita!" alipaza sauti. "Pita kwanza ku Katuba, kule bantu bako na mabati! Utarudia hapa kiisha!"

Alikuwa mtu wa mzaha, baba. Nami nilipunga mikono pamoja naye, nikapiga kelele pita, pita, na moyoni nilikuwa najiuliza Mungu atamsikiliza nani, mimi Feza wa asubuhi au Feza wa alasiri. Mara nyingi mawingu yalipita kweli. Baba alicheka, akavaa kofia, akashuka. Mama alikuwa anatuangalia kutoka kwenye matuta.

Ng'ambo ya barabara aliishi Mama Kalenga, rafiki wa mama. Walipeana mbegu, walisukana nywele. Yeye, kama watu wote wa pale, alikuwa amelima shamba la mahindi. Mvua moja ya kudanganya ilikuwa imenyesha mapema, watu wakapanda kwa furaha, kisha mbingu zikakauka na mahindi yakafa yakiwa na majani mawili. Wakapanda tena mbegu zilizobaki. Nazo zikafa. Ndipo watu wakaanza kuangalia parsele yetu kwa jicho jingine.

Huenda kwenu hamna jambo hili, kwa hiyo nilieleze. Kwetu, mvua ikichelewa, mtu wa kwanza kuulizwa ni mfyatua matofali, maana yeye peke yake ndiye anayefaidika na jua. Wanasema anajua kuifunga mvua. Mwaka uliotangulia, upande wa pili wa bonde, fundi mmoja alivunjiwa tanuri kwa majembe, akaitwa mulozi, yaani mchawi, mbele ya watoto wake, na hakulala tena pale. Habari hiyo ilikuwa inasimuliwa kisimani kama habari ya kawaida. Na baba yangu, masikini, alisimama kila alasiri juu ya matofali yake akiyafukuza mawingu kwa kofia.

Walikuja mchana, jua likiwa utosini. Wanawake walikuwa mbele, Mama Kalenga akiwaongoza, na nyuma yao vijana wenye majembe mabegani. Baba alikuwa anafyatua. Mama alikuwa kwenye matuta, ameshika arozwari yake, lile kopo kubwa la bati lenye mdomo wa matundu. Tangu alfajiri tulikuwa tunachota kisima kikombe kwa kikombe, hadi likajaa. Nyanya zilikuwa zimetoa maua yake ya kwanza, madogo, ya manjano, na mama alikuwa amesema wazi kwamba yasipopata maji siku ile hatutaona nyanya.

"Yambo, Papa Feza," alisema Mama Kalenga.

"Yambo, bamama. Muko bazima?"

"Hatuko bazima. Tunakuya kukulomba kintu moja tu. Fungula mvua."

Baba alicheka. Alikuwa na mikono ya tope, akajifuta kwenye suruali. "Miye? Kama nilikuwa najua kufunga, ningeanza na mudomo ya Mama Feza!"

Siku nyingine wangeangua kicheko. Siku ile hakuna aliyetabasamu, na mzaha wa baba ulianguka chini kama kitu kilichomponyoka mkononi.

"Kila siku unasimama kule juu," alisema Mama Kalenga, akionyesha tanuri. "Unafukuza mawingu. Miye mwenyewe ninakusikiaka. Mahindi yetu inakufa mara mbili, Papa Feza. Batoto batakula mabriki?"

"Tuvunje tu!" alisema mmoja wa vijana, na majembe yakashuka mabegani.

Mimi nilikuwa naruka mguu huu na mguu ule, nataka kukimbia na sijui niende wapi, kwa mama au kwa baba, au nje kabisa.

Mama akatoka kwenye matuta. Alitembea polepole na arozwari yake, akapita katikati ya wale wanawake kana kwamba wamesimama kwenye foleni, akafika mbele ya matofali yaliyoanikwa asubuhi.

"Muangalie bote," alisema. "Mutu anafungaka mvua, anaogopa mayi iguse mabriki yake. Si ni vile, Mama Kalenga?"

"Njo vile."

Mama akainamisha kopo. Maji yakatoka kwa yale matundu kama mvua, yakanyesha juu ya matofali ya baba. Kingo zilianza kulegea, kisha tope jekundu likatiririka hadi kwenye miguu ya wanawake. Harufu ikapanda. Nilipiga kelele, "Mama, nyanya!" Hakugeuka. Alipofika nusu akamnyooshea baba lile kopo.

"Kamata. Mwaga na weye."

Baba alimtazama. Kisha akalipokea, akamwaga maji yote yaliyobaki juu ya kazi ya mikono yake, taratibu, mstari mmoja wa matofali hadi mwisho, akamrudishia mama kopo. Mama Kalenga aliangalia tope, akaangalia nyanya zilizolala kwenye matuta, akamwangalia mama.

"Basi, inatosha," alisema. Wakaondoka, na vijana wakaburuta majembe yao nyuma.

Niliona uchungu. Kwa akili yangu ya kitoto, mama alikuwa amejiunga na wale wanawake. Alikuwa akiombea mvua tangu mwezi wa nane, na sasa alikuwa amemwaibisha baba mbele ya watu, tena kwa maji ya nyanya! Jioni nilikula bukari yake, ugali wetu, nikiwa nimempa mgongo. Hakunigombeza. Kesho yake mchana maua ya nyanya yalianguka, moja hapa, moja pale, na kisima kilipojaa tena kidogo mashina yalikuwa yameshakauka kama kamba.

Mvua haikuja kesho hiyo, wala kesho kutwa. Ilikuja alasiri moja kuni zikiwa bado ziko njiani, ikaja kwa hasira, na upepo wake, na mawe yake. Nilikimbilia nyasi za mama, nikakumbatia fungu kubwa na kuanza kulivuta kwenye tanuri ili nifunike. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nyasi zile zilikuwa nyingi, na tungekuwa watatu tungeokoa matofali ya juu walau.

"Feza, acha!" Baba alinifokea. Hakuwa mtu wa kunifokea.

Alikuwa amesimama katikati ya parsele, kichwa wazi, mikono imekaa tu ubavuni, analowa. Mama, ambaye hakuwahi kuturuhusu kuguswa na mvua ya kwanza, alitoka chini ya turubai akaenda kusimama kando yake. Hawakushika nyasi. Hawakushika jembe. Tanuri ilianza kuinama upande mmoja, kisha ikakaa chini kama mtu aliyechoka, na wao walikuwa wanaitazama. Kwenye milango ng'ambo ya barabara watu wote walikuwa wanawaona. Mama Kalenga akapiga vigelegele, wengine wakampokea. Mimi nilisimama na nyasi zangu kifuani, nalia, nikiamini kabisa kwamba wazazi wangu wamepata wazimu siku moja.

Tuliishi chini ya turubai mwaka mwingine mzima kwa sababu ya alasiri ile. Baba alifyatua tena kiangazi kilichofuata, akajenga, na nyumba ipo hadi leo. Hakuwahi tena kuyapungia mawingu kofia. Na hakuna mtu yeyote pale Annexe aliyewahi kulitaja jina lake pamoja na neno lile baya, mulozi. Niliona ni kawaida. Mtoto hawezi kujua thamani ya jambo ambalo halikutokea.

Nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu shangazi mahali pengine, mvua ilikuwa imechelewa, na barabarani nikamkuta mwanamke amekalia godoro lililokunjwa, watoto wamemzunguka, na nyuma yake matofali yaliyopondwapondwa. Nilimuuliza mumewe yuko wapi. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Nilirudi nyumbani nikapita mlango wangu bila kuuona.

Siku hiyo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nimekiona na kukiacha. Wanawake walipokuwa wanaondoka kwenye parsele yetu, mama alibaki amesimama pale kwenye tope, amelishika lile kopo kwa mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa inatetemeka hadi kishikio kinagonga bati. Nilidhani limemlemea. Nilikuwa nimemkasirikia, kwa hiyo sikwenda kumpokea.

Halikuwa na maji hata tone. Walikuwa wameshamwaga yote.