Kijitabu cha Viazi Kisicho na Mwenyewe

Nilipoanza kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya kilimo pale Gisenyi, nilikuwa nimeacha kulia. Kaka yangu alikuwa ameuawa njiani miezi michache kabla, na waliokuja kunipa pole walinikuta nikipanga karatasi. Nilikula nilipopewa chakula, nikajibu nilipoulizwa. Nilikuwa nimekulia Tanzania, na Kinyarwanda changu kilitosha kuombea maji tu, kwa hiyo kila kilichohitaji Kiswahili kiliwekwa mezani kwangu.

Ndivyo kilivyonifikia kijitabu cha viazi. Aliyekileta alikuwa mama wa Kizungu, mpole, na disketi yake mkobani. Ukurasa wa kwanza ulisema yeyote anaruhusiwa kukinakili, kukibadilisha na kukigawa bila kumwomba mtu. Kwao, alinieleza kwa furaha, watu wameanza kuyaachia maandishi yao hivyo, yawe mali ya wote. Nikaitafsiri sentensi hiyo kama nilivyotafsiri zile za mbolea.

Barabara iliyokuwa imefungwa na vita ilipofunguliwa, nilipanda naye hadi Bugeshi, milimani, kwa mjane mmoja aliyesifika kwa mbegu. Alikuwa ameishi miaka mingi Masisi, upande wa Kongo wanakosema Kiswahili, tukaelewana. Tulikaa juu ya magunia matupu, nikamsomea chote.

"Hii kitabu ni ya nani?" akauliza.

"Ni cha watu wote, Mama. Hakina mwenyewe."

"Bon. Na viazi ikioza, tutauliza nani?"

Nikarudi kwenye ukurasa wa mbegu.

Kijitabu kilisema mbegu zihifadhiwe gizani. Mjane alitikisa kichwa. "Mu giza inaota mikia murefu, mweupe, inavunjika. Unaweka chini ya paa, pale fasi mwangaza inafika lakini jua haifike."

Nilipomfasiria mgeni wetu, uso ulimng'aa. "Mwambie abadilishe! Anaruhusiwa."

"Mi siwezi haribu maneno ya mutu sijamujua," mjane akasema. "Na hii yangu nilipewa na mama-mukwe. Mutu akichukua mbegu kwangu, simulipishi. Lakini anarudi kuniambia namna iliota. Asiporudi, ameiba."

Wakati wa kushuka, Mzungu alisema sharti kama hilo linaharibu kila kitu. Cha bure kinapaswa kuwa huru kabisa. Nilitazama mashamba yakipita. Kesho yake nikapiga chapa ukurasa mpya wenye njia ya mjane ya kuweka mbegu, na mwishoni nikaongeza, wala sikumwuliza mtu: "Haya yametoka kwa mama wa Bugeshi, naye alipewa na mama mkwe wake. Chukua bure. Mbegu zikiota, rudi useme."

Mgeni aliusoma mara mbili, akaurudisha mezani. Wiki ile ile akaondoka nchini, na nakala moja mkobani.

Tukatoa fotokopi. Wanawake wanaovuka Grande Barrière, kituo cha mpakani, walizibeba hadi Goma upande wa Kongo, ndani ya vikapu vyao. Kisha, msimu ulipopita, waliopanda wakaanza kurudi. Sikuwa nimefikiria kwamba watarudi kwangu, lakini anwani ya ofisi ilikuwa chini ya ukurasa. Mama mmoja wa mtaa wa Nengo alikuja kusema, "Yangu iliota muzuri, lakini panya ilikula nusu." Nikaandika panya. Mwingine alikaa asubuhi nzima: shamba, halafu mume, halafu watoto waliobaki msituni Kongo walipokimbia vita. Niliandika viazi tu. Hayo mengine sikujua niyaweke wapi. Aliponyamaza, nilisikia sauti yangu ikimwambia, "Endelea, Mama." Akaendelea. Sikuhisi kitu, ila kalamu niliiweka chini.

Baadaye barua ikaja kutoka kwa yule mgeni. Wenzake walikuwa wamepokea sahihisho la mbegu na kulisifu, lakini katika nakala yao wamefuta sentensi ya kurudi na kusema, maana ilimfunga msomaji. Walitutaka nasi tuifute.

Nilimjibu kwa mistari miwili: kwamba ruhusa yao inasema kila mtu abadilishe atakavyo, nasi tumebadilisha. Sikuwa na hasira. Nilibandika stempu, nikaipeleka barua posta, na niliporudi nilikuta wanawake watatu wamekaa kwenye benchi, wananisubiri.