Pole wa Mawese

Iko siku moja inanirudilia mara mingi, mwanangu, zaidi wakati ukungu inashuka ku mutoni Kimemi na mabati ya manyumba inapotea moja moja. Nafunga macho kidogo tu, na nasikia mabule, zile mipira ndogo ya muchezo ya biyare, inagongana, polepole, sawa mvua ya mawe yenye inaanzia mbali. Kisha harufu ya mawese inaingia mu chumba. Hapo najua Pole amefika, hata kama muke wangu ananiambia hakuna mutu ku mulango.

Miye masomo niliachia mu primere, donc utanivumilia. Kupanga maneno sijui. Mais biyare nilijua. Ile wakati ya vita tulikuwa bachezaji wenye kuishi paka na fimbo, na fimbo tu. Championa, mashindano yetu, ilikuwa inafanyika siku ya yenga kisha misa, mara mu Butembo, mara ku Beni, na mutu akishinda, nyumba yake inakula. Basoda balikuwa banazunguka mu mji na bunduki, sisi tunazunguka meza. Usicheke. Ile kitambaa ya rangi ya majani ilikuwa shamba ya mwisho yenye hakuna mutu alikuwa ametunyanganya.

Pole jina yake ya kweli ilikuwa Kasereka. Alikuwa kumbakumba, ni kusema mutu mwenye kusukuma baiskeli imebeba mabido, madumu ya mawese, kutoka Manguredjipa mpaka Butembo, mu matope na mu milima. Akifika hakuwa anaenda kulala. Anaegemeza baiskeli ku ukuta ya bar ya Anselme, ananawa na majivu, na anaingia kuangalia championa. Hakuna hata siku moja alishika fimbo. Alikuwa anasema mawese ikiingia mu ngozi haitoke tena, itachafula kitambaa. Anaketi mu kona, juu ya kasha ya pombe yenye imegeuzwa, kofia ku magoti, na anaangalia bila kupepesa macho.

Batu balimupenda, mwanangu. Akiingia tu, banaanza.

—Pole, unanuka sawa chungu ya sombe.

—Njo kusema uko na njaa. Muke wako alikunyima chakula tena?

Bar yote inacheka, na ule ule mwenye kumuchokoza anasogea ili amupatie nafasi.

Sasa sikia juu ya nini tulimuita Pole. Mutu akishinda, bote banamukimbilia, banamubeba, banamuitia pombe. Ule mwenye kushindwa anabaki na fimbo yake, anaangalia viatu. Pole alikuwa anaenda kwake. Anamunyooshea mukono, hapana kiganja, kifundo, vile mutu mwenye mikono chafu anasalimia. Na anamuambia: «Pole, muchezaji. Bule yako iliona shimo, ikapata haya.» Mutu alikuwa karibu kulia, anajikuta anacheka. Bachezaji ba Beni balikuwa banasema kushindwa ku Butembo haiumi sana, juu Pole iko pale.

Ile siku yenyewe, Komanda Radi, mukubwa wa basoda, alitaka kucheza. Nataja jina yake, na nitaitaja mpaka nikufe. Njo yeye alimutwaa kaka yangu Muhindo kubeba masanduku ya risasi, na Muhindo hakurudi. Alikuya na miwani yake na vijana bake ku mulango. Pistole akaiweka ku meza ndogo, pembeni ya chaki. Bachezaji bote balimuachia. Bule inakuwa mbele ya shimo, mutu anaikosea, anasema eh, leo mukono yangu inatetemeka. Hapo hakudanganya, mukono ilikuwa inatetemeka kweli. Vile vile komanda akafika ku finale, na ku finale njo nilikuwa miye.

Alicheza vizuri, sitakudanganya. Tulifika mwisho, mabule yangu imeisha, imebaki paka ile nyeusi yenye kumaliza muchezo, na ilikuwa ya kuingia. Anselme akapita nyuma yangu na chupa, akaninongoneza.

—Kambale, ikosee tu. Fikiria batoto.

Nilikuwa nafikiria batoto. Nilikuwa nafikiria na Muhindo. Nikainama, nikapanga kuikosea kidogo, upande wa kushoto. Hapo nikainua macho na nikamuona Pole mu kona. Matope ilikuwa imemukaukia mpaka ku magoti. Kofia alikuwa ameifinya na mikono mbili. Alisukuma ile baiskeli yote ile njia ili aone mutu anacheza kweli, na toka asubuhi hakuna mutu alikuwa amemuchezea kweli. Sijui namna gani nikueleze. Ilikuwa sawa mu ndoto, wakati unajua utaanguka na mwili inakuwa nyepesi. Nikapiga. Ile bule nyeusi ikatembea pole, pole sana, sawa mutu mwenye kurudi kwake, na ikaingia.

Hakuna mutu alinikimbilia. Komanda aliangalia lile shimo, kisha akaniangalia miye, na mukono yake ikaenda upande wa chaki.

Hapo kasha ya pombe ikalia. Pole amesimama. Alivuka bar sawa siku zote, haraka hakuna, akafika mbele ya komanda na akanyoosha kifundo.

—Pole, muchezaji.

Komanda akaangalia ile kifundo.

—Unaniogopa mpaka unanipa nusu ya mukono?

—Hapana, komanda. Kiganja iko na mawese. Mukono ya muchezaji haifai kuchafulwa.

—Muchezaji nani?

—Weye. Ile bule ulipitisha ku ukingo, nilikuwa karibu kuangusha kofia. Mais ile ya mwisho ulikimbilia. Ungeingoja kidogo.

Mwanangu, sisi bote tukamuangalia komanda. Nawaza ilikuwa wakati murefu toka mutu alimuambia ule mwanaume neno ya kweli. Sisi bote tulikuwa tunamujibu ndiyo tu. Akatoa miwani, akaonekana sawa mutu mwenye kuamushwa.

—Nilikimbilia, akasema.

—Ulikimbilia.

Komanda Radi akapita kifundo, akatwaa kiganja chenyewe, na mawese yake yote, akaifinya. Kisha akachukua pistole na mukono ingine, akatoka. Ku mulango alikuwa anajipangusa ku suruali, polepole, hakuwa hata anajua.

Njo vile niko hapa nakuandikia.

Utawaza nilimuangukia Pole ku miguu. Hapana. Nilimufuata inje, alikuwa anafungua kamba za baiskeli, na nilikuwa na hasira mpaka meno inagongana.

—Baba, ule njo alimutwaa Muhindo. Namna gani unamupa ule pole?

Hakuniangalia. Alikuwa anakaza kamba.

—Juu ya Muhindo sikumupa pole. Ile, Mungu njo atamuuliza, na nataka niwe pale wakati anamuuliza. Miye nilimupa pole juu ya bule nyeusi. Alishindwa kweli. Weye ulicheza kweli. Sasa wataka miye peke yangu nidanganye?

Akapanda na baiskeli yake mu ukungu, na harufu ya mawese ikabaki pale ku ukuta. Ile maneno nilienda nayo nyumbani, sikuimeza mara moja. Ilinichukua miaka.

Sasa fika ku ile yenye ilinifanya muchungu vile unaniona. Mbele ya bar palikuwa na saluni ya Paluku, kinyozi. Paluku aliona paka ile kiganja. Akaanza kuambia kila mutu mwenye kuketi ku kiti yake: muliona namna balishikana? Mawese ya Pole nani anaikula? Basoda. Mutu ananyolewa, anasikia, anatoka na kichwa safi na roho chafu. Na Anselme, mwenye bar yake ilibaki bila damu ku sakafu juu ya Pole, Anselme alitoa ile kasha mu kona, akasema anaihitaji. Nataja na yeye.

Nilisimama mu bar, nikabaambia: ule mutu alituponyesha bote. Bakanijibu: weye lazima umutetee, si aliponyesha weye. Siku ya yenga ingine Pole aliingia, na hakuna mutu alimuambia ananuka sombe. Alama mbaya ilikuwa ile, mwanangu. Batu bakiacha kukuchokoza, ujue banapanga kitu. Alisimama ku ukuta tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaenda kusimama pembeni yake, na kwa mwenye kushindwa alienda vile vile, na kifundo. Ule mwenye kushindwa akageuza uso.

Wakati ya mvua championa ikaenda Beni. Nilishindwa. Nikaweka fimbo, na bila kuwaza nikanyoosha mukono upande wa kona, tayari kucheka. Hakuna mutu alikuwa pale. Nilibaki na mukono mu hewa, batu bananishangaa.

Niliporudi Butembo njo niliambiwa. Vijana ba pori, bale wenye kupigana na basoda, balimungojea mu njia ya Manguredjipa, bakamuuliza kama yeye njo wa mawese ya basoda. Bakumbakumba benzake balikuta baiskeli imelala, mabido imepasuliwa, mawese inashuka na mvua mpaka ku mutoni. Yeye hawakumukuta. Ule mutoni banasema ulibaki na rangi mpaka jua lilipotoka.

Paluku angali na saluni. Amezeeka, ananisalimia barabarani. Siku zingine namujibu.

Miye sichezi tena, mais naenda kuangalia. Mutu akishindwa naamuka, namunyooshea kifundo. Vijana banashangaa, banasema, Papa Kambale, mukono yako si safi? Sibaelezi. Leo nakueleza weye.

Donc, mwanangu, sikia. Ukishinda, kabla hawajakubeba, tafuta na macho ule mwenye alitoka mbali kukuangalia, umuambie aksanti angali ameketi. Aksanti ya Pole miye naipeleka sasa ku kasha yenye haiko. Mutu akikufanyia wema mbele ya batu, umutetee siku ile ile, ku mulango ya saluni kwenyewe, kabla neno haijatembea. Usimupe kinyozi yeyote sikio yako pamoja na kichwa. Na ule mwenye kushindwa, hata kama unamuchukia, umuambie ukweli ya muchezo wake, na ile ingine umuachie mwenye kuuliza.

Mungu akupe meza yenye kunyooka na mukono yenye haitetemeki. Akupe kushinda kwa haki. Na siku utashindwa, juu utashindwa, akupe mutu moja tu mu kona, mwenye matope ku magoti, aamuke akuye kwako.