Maji Aliyoyameza Babu

Ni mimi niliyegonga kengele ya stesheni ya Voi siku ile, na niliigonga ili nimwone mwalimu wetu wa hesabu akikimbia. Sina sababu nyingine. Ningekuwa nayo ningeisema.

Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya nje ya ofisi. Ikigongwa mara moja, treni imetoka stesheni ya nyuma. Ikigongwa mfululizo, pandeni, inaondoka. Kati ya hizo mbili palikuwa na muda mrefu, maana injini za siku hizo zilikunywa maji pale Voi kama ng'ombe wa kiangazi. Abiria wa Mombasa waliteremka, wakanunua ndizi zilizoletwa na treni ya Taveta kutoka Mboghoni, wakaketi kwenye kibanda cha chai. Mwalimu alikuwa hapo, ameagiza kikombe cha pili. Mtu aliyenichapa Ijumaa kwa ajili ya desimali hawezi kustarehe Jumamosi mbele ya macho yangu.

Babu mzaa mama alikuwa abiria pia. Aliletwa na basi kutoka mlimani, tumbo limevimba, mjomba anampeleka hospitali Mombasa. Kwetu hakuwahi kukanyaga. Mama aliolewa na Mkamba, kibarua wa reli, bila ruhusa yake, na tangu hapo babu hakumsemesha. Mimi nilikuwa sehemu ya kosa, kwa hiyo nilipomwamkia alinitazama kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Lakini siku ile alikubali kutasa. Kwetu Wadawida, watu wa mlimani upande wa mama, hata sisi wa kanisani, mzazi mwenye kinyongo na mtoto wake hukitaja kwa mdomo wake, kisha hupiga funda la maji na kuyapuliza nje. Maji yakitoka, kinyongo kimetoka. Mama alikuwa amelilia jambo hilo tangu sijazaliwa. Akanifukuza: "Hebu nenda kule, we na meno yako nje." Wakasimama kando ya ghala la mizigo, yeye, babake na chupa ya maji.

Stesheni masta alikuwa ndani, anaongea na stesheni ya Maungu kwa simu. Nikachukua chuma, nikagonga mfululizo.

Mwalimu alikimbia. Alikimbia na kikombe mkononi, mwenye kibanda nyuma yake: "Mwalimu, hicho kikombe si chako. Mwalimu." Stesheni masta akatoka akiuliza nani amegonga, nikamsaidia kutafuta. Nilikuwa bado nacheka nilipowaona wale wawili.

Babu alikuwa na funda mdomoni, mashavu yamejaa. Watu walikuwa wanawajia na vikapu na watoto, mjomba anamvuta mkono, "Twende mzee, inatuacha." Babu akageuka huku na huku akitafuta pa kupuliza. Hapakuwa na nafasi, ni watu tupu. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Akameza.

Wakamsukuma ndani ya daraja la tatu. Treni haikwenda popote, injini bado ilikuwa inakunywa. Mama alipita dirisha baada ya dirisha na chupa yake, akiita, "Baba, bado ipo, teremka." Babu alikuwa amekwama katikati ya magunia, na mlango haukupitika. Kengele ya kweli ilipogongwa hakuna aliyeshtuka.

Alifia hukohuko Mombasa. Alirudi kwa treni, ila safari hiyo kwenye behewa la mizigo, na mama alikuwa wa kwanza kulishika sanduku.

Kwenye matanga wanawake wa mlimani walinong'ona ati mzee amekwenda na kinyongo tumboni. Mama aliwasikia, akaendelea kumenya viazi. Jioni nilimwendea nikamwambia yote: mwalimu, kikombe, kicheko changu. Kisha nikasogeza shavu karibu, nimrahisishie kazi.

Hakunigusa. Alifuta mikono kwenye leso, akanitazama mpaka nikatamani kofi. Akasema:

"Mzee alikuwa na kiu tu. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie ulimwona babu yako akinywa maji, alikuwa na kiu."