Macho ya Mama, na Jina Nililomnyima

Kwetu Kyuso tulijulikana kwa maringo ambayo hatukuwa nayo. Mama alizaliwa na kope zilizolegea, zikifunika karibu jicho lote, na macho yenyewe hayakuweza kupanda juu. Ili akuone usoni ilimbidi ainue kidevu, na asiyemjua alidhani anadharauliwa. Mimi nilirithi vyote viwili, kope na lawama. Kanisani tukiambiwa tufumbe macho tuombe, sisi wawili tulishukiwa kwamba tulikuwa tumelala tangu mahubiri.

Ninautamani sana msimu wa ndengu wa siku hizo. Mama alikaa uani na ungo mapajani, akipepeta kidevu kikiwa juu, makapi yakimwingia shingoni, akiimba nyimbo za kanisa na kunikaripia kwa pumzi moja. Ndengu iliyotobolewa na wadudu aliijua kwa vidole tu. Jioni tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Sijala tena chakula kitamu hivyo.

Mke wangu aliposhika mimba ya kwanza nilikuwa nafundisha Mutomo, na furaha yangu ilikuwa na hofu ndani yake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, hilo halijadiliwi. Lakini watu husema pia kwamba mtoto huchukua vya yule aliyempa jina: hasira, mwendo, hata meno. Mimi, mwana wa pili, niliitwa jina la babu mzaa mama, naye alikuwa na macho haya haya. Nilijiona ushahidi unaotembea.

Basi binti yetu alipozaliwa nikamwandikisha kwa jina la muuguzi aliyemzalisha, dada mwenye macho makubwa kama taa za lori. Nilijiona mjanja.

Mama akaja na kuku wake wawili. Akampakata mtoto na kuuliza, "Somo yangu anaendelea aje?" Maana mwenye jina lako ndiye somo yako. Nikamwambia jina.

"Ni jina nzuri," akasema. Alikuwa amepanga kukaa wiki. Kesho yake asubuhi alirudi Kyuso.

Kope za mtoto hazikufunguka vizuri. Alipojua kukaza shingo, akaanza kuinua kidevu ili atuone. Daktari wa macho, mwanamke mpole, alituchorea kwenye karatasi: neva inayotoka ubongoni kwenda kuinua kope na macho haikukua sawasawa mtoto akiwa tumboni, na msuli usiofikiwa na neva hukakamaa. Chanzo ni kasoro ndogo katika jeni moja. Mzazi mwenye jeni hiyo aweza kumpa mtoto au asimpe, nusu kwa nusu, na kila mimba ni bahati mpya. Akauliza nani mwingine kwetu yuko hivyo. Nikamtaja mama, na babu.

"Basi imepitia kwako, mwalimu," akasema. Hakuuliza mtoto anaitwa nani.

Ilinichukua miaka mitatu kwenda Kyuso kulisema kosa langu. Kufikia hapo tulikuwa na binti wa pili, macho yake mazima, na jina lake la mama mkwe, kama desturi inavyotaka. Zamu ya mama ilikuwa imepita.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, "nilifikiria macho inakuja na jina. Nilikosea. Nisamehe."

"Nilijua si jina," akasema. "Mimi niliitwa susu yangu, mama ya baba, na yeye macho yake ilikuwa mzuri kabisa. Angeona mbuzi yake hata ikiwa ng'ambo ya mto."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni mimi ulikuwa unaonea aibu."

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa amesema kweli.

Mama amefariki. Macho yake tunayo wawili, mimi na binti yangu mkubwa. Jina lake halina mtu.